Soketi Imeungua na Breka Haikukata: Namna ya Kutafuta na Kutengeneza Viungo Vinavyopata Moto

Soketi ya jiko imeyeyuka, ukuta umepiga weusi, nyumba inanuka plastiki iliyoungua, na breka bado imesimama juu kama kawaida. Fundi akiitwa, swali la kwanza la mwenye nyumba ni moja: mbona breka haikukata? Wengi huishia kuilaumu breka yenyewe. Inanunuliwa mpya, wakati mwingine kubwa kuliko ile ya mwanzo, na baada ya miezi kadhaa harufu inarudi palepale.

Breka haikuwa na kosa. Kazi yake ni kupima mkondo unaopita, na mkondo ulikuwa wa kawaida kabisa. Chukua heita ya kuogea ya papo hapo, ile ya kichwani mwa shawa, yenye wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230. Inavuta karibu ampea 24. Breka ya ampea 32 inaona 24 na kutulia. Sasa weka njiani skrubu moja iliyolegea yenye ukinzani wa omu 0.05 tu, kiasi ambacho malitimita ya kawaida haikisomi vizuri. Joto la pale ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: 24 × 24 × 0.05, yaani karibu wati 29. Hizo ni wati za chuma cha kulehemu cha fundi redio, zimefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani kila mtu anapooga. Tena ukinzani ule umepunguza mkondo kidogo badala ya kuuongeza, kwa hiyo breka haina cha kukata. RCD, swichi ya kukata umeme unaovuja, nayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Hapa vinalingana, hakuna kinachovuja, nayo inanyamaza.

Kiungo kilichofungwa vizuri hakifiki hata omu 0.001. Kwa ampea 24 zilezile joto lake ni kama nusu wati, na ukikishika huhisi kitu. Angalia pia kwamba mkondo unajizidisha wenyewe katika hesabu ile: ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ndiyo maana kiungo cha hovyo kwenye taa ya LED kinaweza kukaa miaka bila kelele, na kiungo cha namna hiyohiyo kwenye jiko kikaungua ndani ya wiki chache.

Kiungo kikianza kuharibika hakirudi nyuma. Shaba ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, na kila mzunguko unaipunguzia skrubu nguvu ya kubana. Shaba ya moto hushika oksijeni ikapata utando mweusi usiopitisha umeme vizuri, ukinzani unapanda, moto unazidi. Nimefungua visanduku vingi ambavyo mwenye nyumba aliniambia “ilikuwa inanuka kidogo tu mwaka jana”. Harufu ya kidogo tu ndiyo wakati wa kushughulika.

Kukagua kwa macho na pua ni kazi ya yeyote anayeishi ndani ya nyumba. Kufungua na kufunga upya ni ya mtu mwenye ujuzi, na kwa nyaya za nyumba awe na leseni: Tanzania Bara inatolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Hata hivyo ni vyema usome hatua zote ili fundi akifika ujue kazi nzuri inafananaje.

Hatua ya 1: Orodhesha vinavyovuta mkondo mkubwa

Soma kibandiko cha kila kifaa na ugawanye wati kwa volti. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Pasi ya wati 1,200 inavuta 5. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 linavuta 4 na kidogo. Heita ya kuogea tumeiona. Usisahau pampu ya maji: mkondo wake wa kawaida si mkubwa, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa zaidi, na kiungo hupigwa kila inapowaka.

Kisha fuata njia ya umeme kwa mawazo, kuanzia mita hadi kwenye kifaa. Kwa heita ya kuogea unapita mita, meni switchi (swichi kuu ya nyumba), breka, aisoleta (swichi ya kukatia heita) iliyo nje ya bafu, halafu konekta ya juu dari. Kila kituo kina skrubu ya kuingia na ya kutoka. Na nyutro, waya wa kurudisha umeme, inabeba mkondo uleule wa laivu, waya wa kuuleta. Mafundi wengi hukaza laivu kwa nguvu na nyutro kwa vidole, kwa dhana kwamba nyutro haina umeme. Ninapokuta kisanduku cha breka kimeungua, huwa naanza kuangalia chuma cha nyutro, pale nyaya zote za nyutro zinapofungwa.

Hatua ya 2: Kagua vikiwa vinafanya kazi, bila kufungua kitu

Washa kifaa kikubwa kwa dakika 20 au 30 kisha zunguka. Tumia pua kwanza. Plastiki ngumu za soketi na breka zikipata moto mara nyingi hutoa harufu kama ya samaki, hata kama jikoni hakuna samaki. Watu huitafuta harufu hiyo kwenye jokofu na kwenye ndoo ya taka kwa siku nyingi kabla ya kuifikiria soketi.

Sikiliza. Mlio mwembamba wa kukaanga au kuvuma kwenye swichi ni cheche ndogo zinazoruka ndani. Angalia taa: zikififia au kucheza pale birika linapowashwa, kuna mahali volti zinapotea. Zikififia za chumba kimoja, tafuta kiungo cha njia ile. Zikififia za nyumba nzima, tafuta karibu na meni switchi au mita. Angalia rangi pia. Plastiki nyeupe iliyogeuka njano au kahawia kuzunguka tundu moja la soketi inakuonyesha kwa kidole mahali penyewe.

Baada ya matumizi zima swichi, chomoa plagi, na uguse pini zake kwa mgongo wa kidole, kwa uangalifu. Vuguvugu kidogo baada ya birika kuchemka ni kawaida. Ikikulazimu kuondoa mkono, soketi hiyo isitumike tena mpaka ifunguliwe.

Mwisho wa ukaguzi huu kuna swali moja linalookoa muda: moto uko wapi kwenye waya? Waya ukiwa wa moto urefu wake wote, tatizo ni waya mwembamba kuliko mzigo, na kukaza skrubu hakutasaidia. Waya ukiwa wa baridi katikati na wa moto mwishoni tu, hicho ni kiungo.

Hatua ya 3: Zima, na uthibitishe kwamba umezima

Zima meni switchi. Breka peke yake haitoshi, kwa sababu breka nyingi za nyumbani hukata laivu tu, na nyumba iliyogeuzwa waya huacha nyutro ikiwa hai. Kama kuna sola au inveta, kumbuka nyumba ina vyanzo viwili: ukizima umeme wa gridi, inveta inaweza kuamka yenyewe ndani ya sekunde na kurudisha volti 230 kwenye nyaya unazozishika. Zima zote mbili, na umwambie kila aliyemo ndani asiwashe. Karatasi iliyobandikwa juu ya swichi yenye maneno “FUNDI YUKO KAZINI” haigharimu kitu.

Pima kwa malitimita kabla ya kugusa: laivu na nyutro, laivu na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Jaribu kwanza mita yenyewe mahali unapojua kuna umeme, pima pale unapofanya kazi, kisha urudi kuijaribu tena kwenye umeme, ili usidanganywe na mita iliyokufa njiani. Testa ya bisibisi yenye kitaa haitoshi kuwekewa maisha.

Mpaka mmoja usivukwe. Mita na kila kilicho kabla yake ni mali ya shirika la umeme, na lakiri yake haikatwi na mtu mwingine. Ukiona tamino ya mita, yaani pale waya unapobanwa kwa skrubu, imeungua au waya wa kutoka nguzoni umeyeyuka ganda, zima meni switchi na upige simu shirikani. Pale hakuna breka nyuma yako ya kukukinga.

Hatua ya 4: Fungua na usome kilichotokea

Usikimbilie kukaza. Skrubu iliyolegea ukiikaza juu ya shaba iliyokwisha kuungua, umefungia utando ule mweusi ndani, na moto utarudi. Kwanza tazama. Shaba nyeusi au yenye rangi za upinde ilipata moto mkali. Ganda la waya lililokauka na kukatika kama bisikuti linaeleza vivyo hivyo: plastiki ya PVC ya nyaya za kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 tu. Unga wa kijani ni unyevu na chumvi. Nyumba za pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, unga huu ni wa kawaida hasa visanduku vya nje vinavyotazama bahari.

Kisha tafuta sababu. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya: skrubu imebana ganda la waya badala ya shaba, nusu ya nyuzi zimebaki nje kwa sababu zilikuwa nyingi kuliko tundu, waya mnene na mwembamba vimewekwa tundu moja, mnene umebanwa na mwembamba unacheza, waya tatu zimesukumwa kwenye tamino ya mbili. Kwenye breka kuna kosa moja linalowapita hata mafundi wazuri. Tamino yake ina kijisanduku cha chuma kinachopanda skrubu inapokazwa. Waya ukiingia nyuma ya kijisanduku badala ya ndani yake, skrubu inakaza hadi mwisho, mkono unahisi imeshika, na waya umesimama tu pale bila kubanwa na kitu.

Hatua ya 5: Funga upya

Kata waya urudi nyuma hadi ukute shaba inayong’aa na ganda laini. Sentimita mbili au tatu mara nyingi zinatosha, ila kama moto uliingia ndani zaidi, fuata mpaka uishe. Waya ukiwa mfupi baada ya kukata, usiuvute ukakaza kama kamba ya gitaa. Weka kisanduku cha kiungo chenye mfuniko, au upitishe waya mpya.

Menya ganda kiasi cha kina cha tamino, si zaidi. Usiikwaruze shaba kwa kisu, kwa sababu uzi uliokatwa nusu ni njia iliyopunguzwa. Waya wa nyuzi nyingi uvishe kifuniko cha bati cha kubana, kile mafundi wanachokiita feruli, halafu uubane kwa koleo lake. Kuna tabia ya zamani ya kulehemu ncha ya waya kwa risasi ili nyuzi zisitawanyike kabla ya kuiweka chini ya skrubu. Iacheni. Risasi ni laini. Ikikaa chini ya mgandamizo inatiririka polepole, skrubu inabaki bila kitu cha kubana, na baada ya miezi unaanza upya.

Kaza kwa nguvu iliyoandikwa ubavuni mwa kifaa. Breka nyingi ndogo za nyumbani hutaka karibu nyutoni-mita 2, na zipo bisibisi zinazopima nguvu hiyo. Fundi anayefunga visanduku kila wiki ananunua bisibisi ya namna hiyo na hatajuta, kwa sababu mkono hudanganya pande zote mbili: wapo wanaolegeza, na wapo wanaokaza mpaka uzi wa skrubu unavunjika au shaba inakatika. Kama huna, tumia bisibisi inayojaza mdomo wa skrubu kikamilifu. Bisibisi ndogo huteleza kabla skrubu haijakaza na kukuacha ukiamini umemaliza.

Halafu vuta. Kila waya, mmoja mmoja, kwa nguvu ya mkono. Ule uliopita nyuma ya kijisanduku utatoka, na ni bora utoke sasa.

Heita ya kuogea inastahili maneno yake. Kiungo chake cha juu dari ndicho kinachoungua kuliko vyote katika nyumba nyingi, maana ampea 24 zinapita mahali penye mvuke, na mara nyingi pamesokotwa waya kwa waya na kuviringishwa tepu. Tepu inazuia mtu asiguse umeme. Haibani chochote, na ikipata moto gundi yake inayeyuka. Tumia konekta ya kauri yenye uwezo wa ampea 40 au zaidi, au kifereji cha shaba kilichobanwa kwa koleo maalumu. Konekta nyeupe ya plastiki ya taa ikae kwenye taa. Waya uwe milimita 6 za mraba kutoka kwenye breka yake yenyewe bila kugawana na soketi, aisoleta ikate laivu na nyutro kwa pamoja, na njia nzima ilindwe na RCD ya miliampea 30. Nikiona heita imevutwa kutoka kwenye soketi ya karibu kwa waya wa milimita 2.5, namshauri mwenye nyumba aoge maji ya sufuria mpaka njia ipigwe upya.

Hatua ya 6: Soketi na plagi

Plagi zetu za pini tatu za bapa zimerithiwa kutoka Uingereza, na ndani ya soketi kuna mabati ya springi yanayozikumbatia pini. Springi iliyowahi kupata moto inapoteza ukakamavu wake na hairudi. Plagi ikiwa inaingia kwa ulaini usio wa kawaida, au inaning’inia, soketi hiyo ni ya kubadilishwa. Kuikunja springi kwa bisibisi ni suluhisho la siku chache.

Adui mkubwa wa springi hizi Afrika Mashariki ni plagi ya pini mbili za duara. Mtu huchukua kalamu au kijiti, anasukuma tundu la ethi ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha anailazimisha plagi ya duara kwenye matundu ya bapa. Inaingia, na redio inaimba. Ila pini ya duara inagusa bati kwa mstari mwembamba tu, na inayapanua mabati kiasi kwamba pasi ikichomekwa pale jioni haishikwi vizuri. Plagi hiyo haina fyuzi, wala ethi haikuunganishwa. Nunua adapta yenye fyuzi, au badilisha plagi.

Fungua pia plagi yenyewe. Fyuzi ya ampea 13 hukaa kwenye vishikio viwili vya bati, na vikilegea fyuzi inapata moto kwenye ncha zake bila kukatika. Alama za kahawia kwenye ncha za fyuzi zinakueleza hilo. Wengine fyuzi ikikatika huifunga kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Tafadhali usifanye hivyo hata kwa siku moja. Ekstensheni nayo iwe ya simu, televisheni na taa. Birika na pasi kwenye ekstensheni moja ni ampea 14, zaidi ya uwezo wa plagi yake, na ikiwa waya wake umeviringishwa joto halina pa kutokea.

Hatua ya 7: Betri na inveta

Hapa watu wengi hudhani wako salama kwa sababu ni volti 12. Volti 12 haikurushi, ni kweli. Lakini volti zikiwa chache, mkondo lazima uwe mwingi. Inveta inayotoa wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 90, karibu mara nne ya heita ya kuogea. Kiungo chenye omu 0.005 tu kikipitiwa na ampea 100 kinapoteza nusu volti na kuzaa wati 50 pale pale juu ya betri. Ukijenga mfumo mpya na bado una uchaguzi, nenda volti 24 au 48: kwa wati zilezile, joto la kiungo kilekile linashuka mara 4 kwa volti 24 na mara 16 kwa 48. Sijui ushauri mwingine unaopunguza hatari kwa kiasi hicho.

Kabla ya kugusa, vua pete, saa na mkufu. Spana ikidondoka juu ya ncha mbili za betri inageuka nyekundu mkononi mwako, na betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni inayolipuka kwa cheche, kwa hiyo chumba kiwe na hewa. Zima mizigo, zima inveta, kata paneli kwa swichi yake, kisha ondoa nyaya za betri ukianza na hasi. Konekta za MC4, zile za kuunganishia nyaya za paneli, usizichomoe mkondo ukiwa unapita. Moto wa cheche za umeme wa DC, ule wa betri na paneli, haujizimi kama wa AC wa gridi, unanyooka na kuunguza mkono. Kichwa na kiota cha MC4 viwe vya kampuni moja. Vya kampuni mbili tofauti huweza kuingiana na kulia “klik”, huku bati za ndani hazigusani sawasawa, na viungo vya namna hiyo vimeunguza mapaa mengi duniani.

Mpangilio wa bolti ya betri ndio unaoharibiwa zaidi. Lagi ya waya, kile kichwa chenye tundu kinachobanwa mwishoni mwa waya, ikae moja kwa moja juu ya uso wa ncha ya betri, shaba kwa risasi. Juu yake washa bapa, juu yake washa ya springi, juu yake nati. Nikifungua mifumo nakuta washa imewekwa chini ya lagi, kwa nia njema kabisa, ili “ikae vizuri”. Washa ya chuma cha pua ina ukinzani takriban mara 40 ya shaba, na fundi ameiweka katikati ya njia ya ampea 90. Inveta ikilalamika kwamba betri iko chini ilhali betri imejaa, anza kuangalia hapo. Lagi mbili au tatu zikilazimika kukaa bolti moja, ya mkondo mkubwa ndiyo iwe chini kabisa.

Lagi ibanwe kwa krimpa ya majimaji au ya mikono mirefu yenye taya za ukubwa wake. Kuigonga kwa nyundo au kuibinya kwa plaizi kunaacha nafasi ndani ambayo huioni, asidi na unyevu huingia, na baada ya mwaka shaba ndani ni kijani. Waya usiwe mwembamba: kwa ampea 100 na umbali mfupi, milimita 35 za mraba ni sahihi. Uso wa ncha na wa lagi uvisugue kwa msasa mpaka ving’ae, ufunge, ukaze, halafu ndipo upake grisi ya betri kwa nje.

Sasa kipimo, ambacho kwa volti 12 unaweza kukifanya mwenyewe kwa malitimita ya bei nafuu. Washa mzigo mkubwa kwenye inveta. Weka mita kwenye milivolti za DC. Ncha moja iguse risasi ya betri yenyewe, ncha ya pili iguse lagi iliyo juu yake. Umbali ni sentimita moja, kwa hiyo usomaji unatakiwa kuwa milivolti chache. Ukisoma 100 huku inveta inavuta ampea 90, kuna wati 9 zinaungua pale. Endelea: lagi hadi shaba ya waya, waya hadi kishikio cha fyuzi, fyuzi hadi inveta. Kishikio cha fyuzi mara nyingi ndicho kinachokamatwa. Kipimo hiki kinakuonyesha kiungo kibovu kabla hakijatoa harufu. Usijaribu kukifanya kwenye nyaya hai za volti 230.

Hatua ya 8: Palipo na alumini

Waya unaotoka nguzoni kuja nyumbani aghalabu ni wa alumini. Alumini ikigusa hewa hupata mara moja utando usiopitisha umeme, ni laini, inatiririka chini ya skrubu, na hutanuka kuliko shaba ikipata moto. Marekani walijifunza kwa gharama: kati ya 1965 na 1973, shaba ilipokuwa ghali, nyumba nyingi zilipigwa waya wa alumini, na shirika lao la usalama wa bidhaa, CPSC, likaja kueleza kwamba nyumba za alumini za kabla ya 1972 zilikuwa na uwezekano mara 55 zaidi ya zile za shaba wa kuwa na soketi yenye viungo vilivyofikia hali ya kuweza kuwasha moto. Shaba na alumini zisisokotwe pamoja kamwe. Tumia konekta iliyoandikwa Al/Cu, na alumini isuguliwe kwa brashi na kupakwa grisi yake kabla ya kufungwa.

Nyumba yenye fezi tatu iangalie nyutro kuu kwa jicho la pekee. Ikilegea hadi kukatika, volti hugawanyika ovyo kati ya fezi, na soketi ya volti 230 inaweza kupata volti zinazokaribia 400. Televisheni na majokofu huungua yote kwa pamoja. Taa za chumba kimoja zikiwaka kwa ukali kupita kiasi huku za kingine zikififia, zima meni switchi palepale.

Hatua ya 9: Pima baada ya kufunga

Rudisha mfuniko, washa umeme, weka mzigo mkubwa kabisa kwa nusu saa. Kipimajoto cha mwale ni msaada mkubwa, lakini kina udanganyifu wake: kikielekezwa kwenye chuma kinachong’aa kinasoma kidogo kuliko ukweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi kabla ya kuwasha, kisha pima juu ya tepu. Linganisha tamino na jirani yake inayobeba mzigo kama huo. Breka zinazofanana zikiwa nyuzi 38 na moja ikawa 60, hiyo moja ina neno, hata kama 60 peke yake haijafika hatari.

Waya wa nyuzi nyingi hujipanga upya kidogo baada ya kukazwa, kwa hiyo rudi baada ya mwezi uzime, ujaribu skrubu na kuvuta. Baada ya hapo mara moja kwa mwaka inatosha, pwani mara mbili. Kukaza kila wiki kunachosha uzi wa skrubu bila faida.

Moto ukiwaka kabla hujafika hatua hizi, usimwage maji. Zima meni switchi kama unaifikia bila kupita kwenye moshi, tumia mtungi wa poda au wa kaboni dayoksidi, au mchanga mkavu, na uwatoe watu nje. Na breka, soketi au konekta yoyote ambayo tamino yake imewahi kuungua ivunjwe kwa nyundo kabla ya kutupwa. Ikitupwa nzima itaokotwa, itasafishwa kwa msasa, itauzwa, na itakwenda kufungwa katika nyumba ya mtu mwingine.